Mistari Aliyoificha Mwila

Mama Salomé alipachika visikilizio masikioni, akakunja mikono juu ya kitenge chake cheusi, akafumba macho kama mtu anayeingia katika sala. Alikuwa amekuja kuisikia sauti ya marehemu mama yake. Mwila, msichana aliyeketi kwenye kompyuta, akabonyeza. Hakikupita kitambo, macho ya Mama Salomé yakafunguka, na uso uliokuwa umejiandaa kulia ukaanza kucheka.

"Hee! Ile ni Mama mudogo! Sikia vile anacheka sawa mbuzi. Mwila, mutoto yangu, minyi nataka Mama mukubwa. Ule mudogo iko ku nyumba, ananivunjaka masikio kila siku bure."

Mama mudogo alikuwa binti yake wa miaka minne. Jina lake Numbi Kabamba, jina kamili la bibi yake, bila kupunguza wala kuongeza. Na mtoto aliyepewa jina la bibi haishii kuwa mtoto. Mama mzazi humwita Mama, wajomba humpa mkono kwa heshima, na akikojoa mkekani huulizwa kwa adabu, "Mama, ni nini tena hii?" Nyumba nzima hucheka, lakini adabu haiondoki.

Mwila aliinamia mashine. Akaitafuta orodha ya watu, akatelemka hadi herufi N, akapanda, akatelemka tena. Numbi Kabamba alikuwa mmoja tu, na sauti yake ni hiyo ya kicheko cha mbuzi. Hapo akakumbuka. Wiki iliyopita walikuwa wawili, na aliyemtoa mmoja ni yeye, kwa mkono wake, na siku ile alijisifu moyoni kwa usafi.

Akaifunga orodha haraka.

"Mama, kura iko mubaya leo," alisema bila kuinua uso. Kura ndio umeme, na mjini Kamina hakuna jambo ambalo umeme haujasingiziwa. "Mashini inachoka. Mukuye kesho."

"Ata mashini inachokaka? Basi nayo ni mutu wa Kamina." Mama Salomé alivua visikilizio. "Kesho, lakini isipite kesho. Siku ya posho njo tunatosha matanga. Ndugu ba Malemba-Nkulu balisha kufika. Bale habakumuzika, njia ilikuwa mubaya juu ya bale bantu ya bunduki. Balisema, kama hatukumuona, tumusikie ata sauti."

Posho ni Jumamosi, na kutosha matanga ni kuyatoa, kufunga msiba. Akaondoka akiwa bado anacheka. Mwila alibaki akitazama mlango, na kila hatua ya yule mama kwenye changarawe ilimkanyaga yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Abner, mtoto wa mwalimu wa zamani wa Kimetodisti, alikuwa amesoma mambo ya kompyuta huko Lubumbashi, akarudi nyumbani na wazo moja lililomkaa kichwani: kukusanya sauti za wazee wa Kiluba kabla hawajaisha. Alifungua chumba nyuma ya nyumba ya baba yake, akatandika paneli za jua juu ya mabati, akaandika programu ya kuzihifadhi. Aliiandika kwa Lisp, lugha ya zamani ya mashine, ambayo kila sentensi yake hufungwa ndani ya mabano, na mabano yale ndani ya mabano mengine, kama masufuria ya mtu anayehama. Kila mzee ndani ya programu alikuwa kama nyumba yenye vyumba. Chumba kimoja kina jina, kingine kijiji, kingine sauti. Nyumba hizo zilikaa ghalani, yaani katika hifadhi ambayo haifutiki hata mashine ikizimwa.

Abner alihitaji mtu mwenye Kiluba cha ndani, kile cha mabibi, maana chake kilikuwa cha mjini, kimejaa Kifaransa. Shangazi yake akamletea Mwila, binti wa Wenceslas, mkulima Mkatoliki wa upande wa Kabondo-Dianda. Siku ya kwanza Abner alimuuliza, "Ulimaliza shule, eh? Uko na diploma?" Mwila aliinamisha kichwa kwa haya, kama alivyokiinamisha mbele ya kila mtu. Abner akadhani ameitikia. Mwila hakusema uongo. Uongo ulifika wenyewe, na yeye akauacha ukae kitini.

Ukweli ni kwamba aliacha shule mwaka wa nne wa msingi. Miaka ya kwanza walimu walifundisha kwa Kiswahili, naye alikuwa hodari wa kusoma kuliko kaka zake. Mwaka wa nne kikaingia Kifaransa. Kabla hajakishika hata ncha, mama yake akaugua, na shamba likamtaka yeye. Alichobaki nacho cha Kifaransa ni siku moja tu, siku mkaguzi wa shule alipokuja, akamsimamisha na kitabu mkononi. Mwila alisimama na kunyamaza hadi darasa zima likacheka, na mkaguzi akasema, "Ikala," yaani kaa chini, kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku.

Kwenye Lisp hakuwa na aibu hiyo. Maneno ya ile lugha yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakikuwa cha Abner wala cha Mwila. Wote wawili waliyajifunza kwa sura, kama watu wanavyozoea nyuso za wageni. Mwila alitazama vidole vya Abner wiki baada ya wiki. Siku moja mabano yalimkataa Abner, naye akanyoosha kidole na kuonyesha lisilofungwa. Tangu hapo Abner alimwachia kiti.

Aibu ilikuwa kwenye dirisha moja tu. Watu wa Lisp wana dirisha la kuchungulia ndani ya kitu chochote. Ukikifungua kitu hapo, vyumba vyake vinajipanga mstari kwa mstari, na unaweza kuvibadilisha papo hapo. Abner aliliita *inspecteur*, yaani mkaguzi, na jina hilo peke yake lilimrudisha Mwila mbele ya darasa. Tena majina ya vyumba Abner aliyaandika kwa Kifaransa, na vingi alivijaza mwenyewe. *Nom* na *village* Mwila aliyakisia. Lakini palikuwa na *homonyme*, palikuwa na *remarques* na *recueilli par*, palikuwa na *naissance* iliyofuatwa na mkia mrefu wa tarakimu, kwa sababu mashine huhesabu tarehe kwa namna yake yenyewe. Juu ya yote hayo dirisha lilionyesha na mambo ya ghala, anwani za kitu na alama za hifadhi, hadi mzee mmoja akajaza kioo kizima.

"Ile dirisha iko mubaya kwa bintu ya ghala," Abner alisema siku moja. "Lakini inakubali kufundishwa. Unaiambia: kama kintu ni muntu, onyesha hivi, kama ni kijiji, onyesha vile." Akaandika sehemu ya vijiji mbele ya Mwila. "Ya bantu andika weye."

Mwila aliiandika, na ilikuwa kazi yake ya kwanza kamili. Ukifungua mtu, dirisha lilionyesha mistari minne kwa Kiswahili: Jina. Kijiji. Ni nani kwa aliyemleta. Sauti, na kando yake kitufe cha kusikiliza. Mingine yote aliificha. Mingine yote ilikuwa ile asiyoweza kuisoma.

Abner aliitazama. "Na zile zingine?"

"Hazina kazi," alijibu Mwila, akiiambia kibodi.

Abner akacheka kwa furaha. Kweli dirisha lilipendeza, jepesi kama ua lililofagiwa. Wageni walipokuja kutoka Lubumbashi aliwaonyesha na kusema, "Mademoiselle njo alifanya." Wakapiga makofi. Mwila alitazama vidole vyake vya miguu, na sifa zile zilimkaa tumboni kama bukari, ule ugali wa kwao, isiyoiva.

Baadaye, katika kupitia orodha, aliona Numbi Kabamba wawili. Jina moja, kijiji kimoja, wote wawili wameletwa na Mama Salomé, na kwenye mstari wa "ni nani kwa aliyemleta" wote wameandikwa: Mama. Aliyeandika ni Mwila mwenyewe. Siku ya kumrekodi mtoto, maana Abner alitaka na sauti za waliorithi majina ya wazee, aliuliza, "Na huyu ni nani kwenu?" Mama Salomé akajibu bila kucheka, "Ni mama yangu." Mwila naye, bila kucheka, akaandika Mama, maana ndivyo ilivyo, na hakuna mtu wa Kamina ambaye angeandika vingine. Lakini siku ya kusafisha, mtoto alikuwa amemtoka akilini. Wazee wengi walikuwa wamepita katikati. Aliona bibi mmoja ameandikwa mara mbili, akamtoa mmoja kwenye orodha. Hakusikiliza sauti kwanza. Na Abner alikuwa amemwonya tangu mwanzo: "Vitu vingine vya mashini ukivichezea, ukizima vinarudi sawa. Vya ghala apana. Hapa hakuna kusema nitahifadhi kisha. Ukigusa, imeandikwa."

Alasiri ile Abner aliingia akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya.

"Mwila, kesho asubui nafagia ghala. Kisha nakopiya yote ku disiki ya Lubumbashi."

Kufagia ghala Mwila alikuwa amekuona. Mashine hupita kila pembe na kutupa kitu chochote kilichobaki bila mwenyewe, kitu ambacho hakuna kingine kinachokishika. Mara moja akamwona Mama Numbi, mwanamke wa mkongojo na tumbaku ya pua, amelala nyuma ya kabati la giza huku ufagio unakuja.

Akafungua kinywa.

"Unasema?" Abner aliuliza.

"Nasema... nikuletee mayi?"

"Eh, leta."

Akaleta maji. Abner akanywa, akashukuru, akaenda mazoezi ya kwaya kanisani. Mwila alibaki peke yake na mashine, na alijidharau kama mtu aliyeona moto nyumbani kwa jirani akabisha hodi kuomba chumvi.

Aliketi. Akayazima maneno yake mwenyewe, lile dirisha zuri la mistari minne, akamfungua mtoto Numbi katika sura ya zamani. Mistari yote ikamrudia. Aliifuata kwa kidole, akitamka kama mtoto wa mwaka wa nne. *Ho-mo-ni-me.* Mbele ya neno hilo palikuwa na jina lilelile, Numbi Kabamba. Alidhani ni jina la mtoto limerudiwa, kwa ile tabia ya Wafaransa ya kusema jambo mara mbili. *Re-ma-ki.* Maneno marefu. *Re-ku...* Hapo ulimi ukakwama. Alisikia tena darasa likicheka, na sauti ile, ikala. Hakuthubutu kugusa chochote, kwani kila atakachogusa kingekuwa kimeandikwa.

Akalirudisha dirisha lake. Mistari ikafunikwa, kama mtu anayevuta kitenge juu ya kidonda ili wageni wasione. Akafunga chumba akaenda kulala.

Asubuhi Mama Salomé alifika mapema, kabla umande haujakauka, amemshika mtoto mkono. Abner alikuwa tayari kitini. Mwila alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio wa kweli, wa mchikichi, ameanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Bonjour Mama Salomé," Abner alisema. Kisha akamsalimia mtoto kwa kuinama, "Bonjour Mama."

"Bonjou," alijibu mtoto, kidole kinywani.

"Kura ilipona?" Mama Salomé aliuliza. "Jana Mwila alisema mashini iko mugonjwa."

"Mashini? Mugonjwa?" Abner alimgeukia Mwila. "Jana kura ilikuwa muzuri siku muzima. Basi, kwanza nifagie, kisha..."

"Usifagie, yaya."

Sauti ya Mwila ilitoka nyembamba hata yeye hakuijua; yaya ndivyo alivyomwita Abner, kama kaka mkubwa. Abner aliondoa mkono kwenye kibodi.

"Juu ya nini?"

Mwila alitazama ufagio. "Nilitosha Mama Numbi mukubwa mu liste. Niliona beko babili. Nikawaza ni yeye mara mbili. Nikatosha moja."

Mama Salomé alimwachia mtoto mkono, akajifunga upya kitenge kilichokuwa hakijalegea.

"Weye," alisema polepole, "ulimuzika mama yangu mara ya pili?"

Mwila angependa atukanwe, apigwe hata na kiatu. Lakini Mama Salomé aliketi tu kwenye benchi, akatazama mikono yake, naye alikuwa mtu wa kucheka siku zote.

"Lakini sielewe," Abner alisema. "Tarehe ya kuzaliwa iko pale. Homonyme iko pale. Moja alizaliwa mu wakati ya Wabeleji, mwingine juzi. Ungeona mara moja!"

"Nilizificha."

"Ulisema hazina kazi."

"Sikujua kama ziko na kazi. Sijue kusoma Kifaransa, yaya. Niliachia mu mwaka wa ine. Wa primaire."

Mtoto alikuwa ameokota ufagio uliomponyoka Mwila, akaanza kuuvuta sakafuni. Hakuna aliyemwangalia.

Abner alisimama. Akaenda hadi mlangoni, akarudi. "Siku ya kwanza nilikuuliza."

"Uliniuliza. Minyi niliinama tu."

"Na minyi niliwaambia bale bageni..." Hakumaliza. Alijisugua paji la uso. Kisha akasema neno ambalo lilimchoma Mwila kuliko tusi lolote, kwa sababu halikuwa na hasira ndani yake. "Ungesema tu. Ningeandika majina ya vyumba mu Swahili. Ni kazi ya kidogo sana."

Miezi yote ile ya kutetemeka kila dirisha linapofunguka, kumbe ilikuwa na bei ya neno moja. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja haraka, maana hata kulia aliona hakustahili.

"Acha kulia," Mama Salomé alisema kutoka kwenye benchi. "Utalia siku ya posho na sisi wote. Sasa mutafute mama yangu."

Abner alivuta kiti cha pili. "Ikala hapa." Lilikuwa neno lilelile la mkaguzi, lakini yeye alikuwa akipapasa kiti, akimwonyesha mahali. Akalizima dirisha la Mwila, akamfungua mtoto Numbi. Mistari yote ikasimama uchi kwenye kioo. Akagusa mmoja. "Soma ile."

Mbele ya Mama Salomé, mbele ya mtoto, Mwila alisoma. "Ho... mo... ni... me."

"Maana yake, jina yake inatoka kwa nani. Na ile yenye iko mbele, unaona, haiko maandishi. Ni yeye mwenyewe, ni mulango. Bonyeza."

Mwila alibonyeza. Dirisha jipya likafunguka: Numbi Kabamba, na mkia mwingine wa tarakimu, mfupi kuliko wa mtoto. Na kwenye chumba cha sauti, jina la faili aliloliandika yeye mwenyewe siku ya kurekodi.

"Iko," Mwila alisema. Hakuweza kusema zaidi.

"Iko," Abner aliitikia. "Na ata ningefagia, ufagio haungemugusa. Haitoshe kintu chenye kingine kinashika. Ulimutosha mu liste, lakini mutoto alikuwa anamushika. Tulikosa tu njia ya kumufikia, juu njia yenyewe uliifunika."

Mama Salomé alimtazama binti yake, aliyekuwa amekalia ufagio kama baiskeli. "Eh, Mama," alisema. "Kumbe ni weye." Akapewa visikilizio. Alifumba macho, na safari hii hayakufunguka. Yule bibi alikuwa akieleza jinsi samaki wa Lualaba wanavyokaushwa, juu ya moto gani, kwa kuni za mti upi. Katikati ya maelezo akakemea kitu kwa ukali, halafu akaendelea. Mama Salomé akapiga kofi gotini, machozi na kicheko vikatoka pamoja.

"Anafukuza kuku! Ata mu mashini anafukuza kuku!"

"Na minyi! Na minyi nisikie!" mtoto alilia, akapandishwa pajani.

Abner alimrudisha bibi kwenye orodha. Kisha akasema, "Sasa turekebishe ile dirisha. Nasoma, unaandika." Mwila alielewa kwamba angelazimika kuuliza, mstari baada ya mstari, na Mama Salomé ameketi palepale. Masikio yalimwaka moto.

"Hii inasema nini?"

"Alizaliwa." Mwila akaandika, akaongeza na kanuni ndogo ya kuugeuza ule mkia wa tarakimu uwe mwaka.

"Na hii?"

"Maneno ingine. Kama alikuwa mugonjwa siku ile, kama alikuwa analewa."

"Andika kama yangu alikuwa anakemea kuku," alisema Mama Salomé.

Kwenye *homonyme* Mwila aliandika "Jina linatoka kwa", akauweka mstari huo juu, chini tu ya jina. Ulibaki mstari mmoja, *recueilli par*. Abner aliuruka.

"Yaya, umesahau moja."

"Ile acha."

"Inasema nini?"

Abner alitazama ukuta. "Inasema nani alikusanya sauti. Inasema... Mademoiselle Mwila, diplômée."

Neno la mwisho halikuhitaji tafsiri. Mwila aliona lilivyokuwa mbele yake siku zote, kwenye mstari alioufunika kwa mkono wake.

"Iko kwa huyu tu?"

"Kwa bote wenye ulirekodi. Niliona itapendeza bale ba Lubumbashi." Sasa Abner ndiye aliyeikazia macho kibodi. "Nitaitosha. Ni mustari moja tu ya kuandika."

"Niandike minyi."

Aliandika polepole: pita kwa kila mtu ghalani, pale palipo na jina langu na neno lile, acha jina peke yake, ondoa mengine. Akafunga mabano, moja, jingine, hadi la nje kabisa. Kidole kilisimama juu ya kitufe.

"Unajua hapa hakuna kurudi," Abner alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

Akabonyeza. Akamfungua mzee mmoja, kisha mwingine, kisha Mama Numbi. Kwenye dirisha lake jipya mstari wa mwisho ulisomeka: Aliyekusanya: Mwila. Jina lilionekana fupi sana, kama mtu aliyenyolewa.

Siku ya kutoa matanga walibeba mashine na spika hadi uani kwa Mama Salomé. Ndugu wa Malemba-Nkulu walikaa mbele, vumbi la njia bado kwenye viatu vyao. Bibi alipoanza kuongea, mzee mmoja aliinuka akasimama wima kama anayesalimiwa, na alipowakemea kuku, ua lote likalia na kucheka. Mtoto Numbi alikuwa ameketishwa katikati, kwenye kiti chenye mgongo, akipokea heshima zake na donati.

Mwila alisimama karibu na ukuta akishika waya usichomoke. Baada ya sala, mzee wa kanisa mwenye koti la kijivu alimwendea, mkono mbele.

"Njo weye ule mademoiselle wa diploma, mwenye kuandika mambo ya mashini? Abner alituambia."

Mwila aliinamisha kichwa. Kisha akahisi jinsi kile kichwa kilivyokuwa kinamjibia, akakiinua.

"Apana, papa. Minyi niliachia mu ya ine."

Aliisema kwa sauti ndogo mno, na watu walikuwa wakiimba. Mzee akaweka mkono sikioni.

"Unasema?"

Ikambidi aseme tena, kwa nguvu zaidi, na waliokuwa karibu wakageuka.